Maria Montessori na Herufi za Msasa

Mtoto anayeingia darasa la awali huko Mtinko, mkoani Singida, hafiki mikono mitupu. Amekwisha kukijua Kinyaturu kwa ufasaha wa umri wake, na Kiswahili kiasi alichokiokota gulioni, kanisani, msikitini au kwa kaka na dada zake wasomao. Vidole vyake vimezoea kupukuchua alizeti, kufinyanga ng'ombe wa udongo na kuchora mchangani kwa kijiti. Kitu ambacho hajakipata ni herufi. Mwalimu mwanafunzi aliyepelekwa huko kwa mazoezi ya kufundisha aghalabu hukuta watoto wengi, ubao mmoja, vitabu vichache, na wazazi wanaotazamia kusikia a-e-i-o-u kabla juma halijakwisha. Basi huwapanga watoto, huandika irabu ubaoni, nao huimba. Baada ya mwezi huimba vizuri sana. Lakini ukizifunika herufi nne kati ya tano na kumwuliza mtoto iliyobaki ni ipi, huanza wimbo tangu mwanzo ili aifikie.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke aliyekabidhiwa watoto wa namna hiyo katika mtaa wa maskini mjini Roma mwaka 1907, akaona kwamba mkono wa mtoto huweza kuijua herufi kabla ya jicho lake. Wanachuo hulisikia jina la Maria Montessori katika vipindi vya historia ya elimu, wakalikariri pamoja na majina ya Pestalozzi na Froebel kwa ajili ya mtihani, kisha wakaliacha chuoni siku ya kuondoka. Hiyo ni hasara, maana katika mambo aliyoyafanya, yale yaliyo bora kabisa aliyafanya kwa karatasi na mkasi.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti, 1870, huko Chiaravalle, mji mdogo karibu na Ancona nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alikuwa mpenda vitabu katika nchi ambayo wakati huo zaidi ya nusu ya watu wake hawakujua kusoma, hali ambayo sisi nasi tuliijua vema tulipopata uhuru mwaka 1961. Jamaa hii ilihamia Roma Maria akiwa bado mtoto mdogo. Alisoma shule ya ufundi, akataka kuwa mhandisi, kisha akabadili nia na kutaka kuwa daktari. Baba hakupendezwa, na chuo kikuu hakikumpokea mara moja. Alipopokewa, ilionekana si adabu mwanamke kutazama maiti iliyo uchi mbele ya wanafunzi wanaume, kwa hiyo alijifunza kupasua maiti peke yake, wenzake walipokwisha kuondoka. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1896, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini mwake kuipata.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika zahanati ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Roma. Siku hizo watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa wa akili. Inasimuliwa kwamba katika nyumba mojawapo mlinzi aliwalaumu watoto kwa ulafi, kwa kuwa kila walipokwisha kula walijitupa sakafuni kutafuta makombo ya mkate. Montessori alikiangalia chumba kile. Hakukuwa na kitu kingine chochote cha kushika. Watoto wale waliyafinya makombo na kuyaviringisha vidoleni, na yeye akatambua kwamba njaa yao ilikuwa ya mikono. Akavitafuta vitabu vya Itard na Séguin, madaktari wawili wa Kifaransa waliojaribu kuwafundisha watoto kama hao, akavifasiri na kuvinakili kwa mkono wake mwenyewe ili asipitwe na neno hata moja.

Mwaka 1900 alianza kuongoza, pamoja na Dk. Giuseppe Montesano, shule ya kuwaandaa walimu wa watoto wa aina hiyo. Baadhi ya wanafunzi waliohesabiwa kuwa hawafundishiki walifanya mtihani wa shule za kawaida wa kusoma na kuandika, wakafaulu. Watu walimsifu. Yeye alijiuliza jambo jingine: ikiwa hawa wameweza kuwafikia watoto wenye akili timamu, je, hao wenye akili timamu wanapunjwa kitu gani shuleni hata wasiwe mbali zaidi?

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya chuo huliruka. Tarehe 31 Machi, 1898, Montessori alizaa mtoto wa kiume, Mario, na baba yake alikuwa huyo Montesano. Hawakuoana. Aibu ya wakati ule ingeikomesha kazi yake, kwa hiyo mtoto alipelekwa shamba kulelewa na watu wengine, na kwa miaka mingi mama alikuwa mgeni aliyekuja kumtazama na kwenda zake. Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, naye Montessori akaiacha shule waliyoiongoza pamoja. Mtoto aliletwa kuishi na mama yake alipokuwa karibu na miaka kumi na mitano. Sipendi kujenga hoja kubwa juu ya msiba wa mtu binafsi. Lakini mwalimu asomaye habari za mwanamke huyu ajue kwamba alipoingia katika chumba kilichojaa watoto wa watu wengine, wa kwake hakuwamo.

Chumba hicho kilikuwa San Lorenzo, mtaa wa vibarua mjini Roma. Kampuni moja ya majengo ilikuwa imezikarabati nyumba za mtaa huo na kuzipangisha. Wazazi walikwenda kazini, watoto wakubwa walikwenda shule, na wadogo waliobaki walishinda wakichafua kuta na ngazi. Kampuni ilipiga hesabu ikaona ni rahisi zaidi kuwakusanya kuliko kupaka rangi kila mwaka. Basi tarehe 6 Januari, 1907, ilifunguliwa Nyumba ya Watoto, yenye watoto zaidi ya hamsini wa umri wa miaka mitatu hadi sita au saba hivi. Wengi walikuja na hofu na machozi. Mwangalizi wao alikuwa mwanamke asiye na mafunzo ya ualimu, na Montessori hakuona vibaya: aliyekuwa hajafundishwa mazoea ya shule hakuwa na mazoea ya kusahau.

Mwanzoni hakukusudia kabisa kuwafundisha kusoma. Yeye pia aliamini, kama walimu wengi wa wakati ule, kwamba jambo hilo lisubiri hadi mtoto atimize miaka sita. Aliwapa watoto vitu vya kushika: mitungi midogo ya mbao yenye vifundo juu, ambayo kila mmoja una tundu lake, vibao vilivyokwaruza na vilivyo laini, maumbo ya chuma ya kuzungushia penseli na kupaka rangi ndani yake. Ukitazama harakaharaka utasema ni michezo. Lakini kifundo cha mtungi hushikwa kwa vidole vitatu, vilevile vinavyoshika kalamu, na mtoto aliyekichomoa na kukirudisha mara arobaini kwa hiari yake amekwisha kufanya zoezi ambalo sisi hulitafuta kwa kuwatia watoto mistari mirefu ya vijiti na vifuu vya herufi o.

Kisha wakaja akina mama. Wao wenyewe wengi hawakujua kusoma, wakaomba watoto wao wafundishwe. Montessori alikubali, na palepale akakutana na tatizo ambalo kila mwalimu wa kijijini analijua, yaani ukosefu wa vifaa. Katika shule ile ya awali alikuwa na herufi nzuri za mbao zilizochongwa na fundi. Safari hii alitafuta wa kumtengenezea nyingine, asimpate. Baada ya kungoja bure, aliamua kuzikata yeye na wenzake. Walikata herufi nyingi za karatasi ngumu, na nyingine wakazikata katika karatasi ya msasa na kuzibandika juu ya kadi laini, irabu zikiwa na rangi yake na konsonanti rangi yake.

Alipozitumia aliona kwamba umaskini ulikuwa umemsaidia. Herufi za mbao zilikuwa ghali, kwa hiyo kila moja ilikuwa peke yake, nayo mtoto alipita kando yake tu. Herufi ya msasa iliongoza kidole: kikitoka nje ya njia, ulaini wa kadi humwarifu mtoto kwamba amepotea, hata akiwa amefumba macho, na mwalimu hana haja ya kusema lolote. Herufi za karatasi nazo zilikuwa rahisi, kwa hiyo ziliwezekana kuwa nyingi, na zikiwa nyingi mtoto aliweza kupanga neno zima mezani kabla mkono wake haujajua kushika kalamu. Hapo kazi mbili zilizokuwa zikimlemea mtoto kwa pamoja, kuisikia sauti ndani ya neno na kuichora herufi yake, zilitenganishwa. Kila moja ilikuwa na zamu yake.

Somo lenyewe lilikuwa fupi mno. Mwalimu hupitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya herufi kwa mwelekeo wa kuandika, huku akitamka sauti yake. Sauti, wala si jina lake. Mtoto hufanya vivyo hivyo. Baadaye, mwalimu akitaja sauti, mtoto huionyesha herufi kati ya mbili au tatu. Mwisho mwalimu hunyoosha herufi bila kuitaja, na mtoto huitaja mwenyewe. Akikosea hakaripiwi, somo huahirishwa hadi siku nyingine.

Hayo yalianza miezi ya mwisho ya mwaka 1907. Siku moja ya Desemba, kulipokuwa na jua zuri, Montessori alipanda na watoto juu ya dari ya jengo. Alimpa mvulana wa miaka mitano chaki akamwomba achore bomba la moshi lililokuwa karibu. Mtoto alilichora sakafuni, akasifiwa. Akatulia kidogo, uso umejaa furaha, ghafla akapiga ukelele kwamba anaweza kuandika. Akapiga magoti akaandika neno la mkono. Kisha akaandika neno la bomba, kisha neno la dari. Wenzake wakamzunguka wakitetemeka kwa shauku, wakataka chaki nao, na wengine wakaandika kweli, ingawa hawakuwa wamewahi kuandika neno hata moja. Katika siku zilizofuata waliandika sakafuni, milangoni na ukutani. Wala hakuna muujiza uliotendeka: mikono iliyogusa kwa majuma kadhaa ilikuwa imejaa herufi, ikangoja chaki.

Kusoma kulifuata baada ya kuandika, si kabla. Hapo pia watoto walimfundisha. Aliandika majina ya vitu vya kuchezea katika vikaratasi, akatangaza kwamba atakayesoma jina atapewa kitu hicho acheze nacho. Watoto walisoma, wakakataa vitu, wakaomba vikaratasi vingine.

Sasa turudi Mtinko, kwa sababu kuna jambo moja ambalo walimu wa nchi za Kiingereza hawawezi kulifaidi kama sisi. Kiitaliano ni lugha ambayo maandishi yake yanafuatana kwa karibu sana na matamshi, na maneno yake mengi huishia kwa irabu. Kiswahili ni hivyo hivyo, na zaidi. Mtoto wa Kiingereza akipanga neno kwa sauti azisikiazo, mara nyingi atakosea, na mwalimu atalazimika kumweleza sababu zisizo na sababu. Mtoto wetu akiisikia sauti barabara na kuijua herufi yake, ameandika sawasawa. Kwa hiyo njia hii inatufaa kuliko wengi walioisifu.

Tena zitazame herufi za jina la Mtinko lenyewe: m, t, i, n, k, o. Kwa hizo sita tu mtoto anaweza kupanga mti, mto, moto, kiti na mtoto. Anaweza kupanga mkono, neno lile lile aliloanza nalo mtoto wa Roma. Mpe herufi a, na amepata mama, kaka, mkia, tano na mtama. Mwalimu anayeanza na a-e-i-o-u anampa mtoto sauti tano ambazo zikiwa peke yake hazisemi lolote la maana. Anayeanza na herufi saba zilizochaguliwa anampa kijiji chake, jamaa yake na chakula chake katika majuma machache. Sisemi kwamba ba-be-bi-bo-bu haina kazi. Kiswahili hutembea kwa silabi, na mtoto atazihitaji. Ila zije baada ya mkono kujua unachokiimba mdomo.

Vifaa si haba. Boksi la dukani likikatwa hutoa kadi nyingi. Mchanga uliochekechwa, ukinyunyizwa juu ya herufi iliyopakwa uji mzito wa unga, ukikauka huwa msasa tosha, ingawa nawatahadharisha kwamba panya hawachelewi kuujua uji huo, na kadi zisipohifadhiwa ndani ya debe zitaliwa. Waswahili hawakungoja kiwanda kuwapa msasa: neno hilo ni jina la mti ambao majani yake makavu yanakwaruza, na mafundi seremala walisugulia mbao kwa majani hayo. Herufi a zikatwe nyingi kuliko nyingine zote, kwa maana Kiswahili huila herufi hiyo kwa wingi. Sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh na ny, zibandikwe katika kadi moja, ili mtoto asizihesabu kuwa sauti mbili.

Sikio nalo litangulie. Kinyaturu kina irabu saba, na maandishi ya Kiswahili yana tano, kwa hiyo mtoto huyu sikio lake ni kali kuliko tunavyodhani, lakini huenda akaweka i na e, au u na o, mahali tusipopatarajia. Acheze kwanza kutafuta maneno yanayoanza kwa sauti moja, na akileta neno la Kinyaturu lipokewe kwa furaha, maana sauti m ni ile ile katika lugha zote mbili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Mwaka mmoja ni mfupi. Ukitumika wote kwa kuimba, mtoto atafika darasa la kwanza akiwa mwimbaji.

Habari nyingine za Montessori nitazipita kwa haraka, kwani zina sifa nyingi na mafunzo machache. Kitabu chake cha kwanza juu ya njia hii kilitoka mwaka 1909, na baada ya miaka michache kilisomwa katika lugha nyingi. Mwaka 1913 Marekani ilimpokea kama malkia. Lakini umaarufu ulimbadilisha. Yeye aliyekata herufi za karatasi kwa kukosa fundi, sasa alitaka vifaa vitengenezwe kwa kipimo kimoja na watengenezaji waliokubaliwa, na walimu wafundishwe naye au kwa idhini yake. Alihofia njia yake isiharibiwe, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo ndiyo iliyofanya shule nyingi zenye jina lake ulimwenguni ziwe za watoto wa matajiri, ilhali zilianzia San Lorenzo. Doa jingine ni kwamba kuanzia mwaka 1924 aliupokea msaada wa serikali ya Mussolini kwa shule zake. Waliachana mwaka 1934, na shule hizo zikafungwa. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa Hispania, alikokuwa akiishi, akahamia Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 69, alikwenda India kufundisha walimu. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani, na Waingereza wakamtia Mario kizuizini, na mama akakatazwa kutoka mahali alipokaa karibu na Madras. Hadi siku hizo Mario alijulikana kwa watu kama mpwa wake au mtoto wa kulea. Mwezi Agosti 1940, Montessori alipotimiza miaka sabini, mtawala wa Kiingereza wa India aliamuru Mario aachiliwe, na katika ujumbe wake alimtaja kuwa ni mwanawe. Alibaki India hadi mwaka 1946, akafundisha walimu zaidi ya elfu moja, wengi wao wakirudi katika shule zenye watoto wengi na vifaa vichache. Mario alikuwa pamoja naye katika kazi yote.

Katika nchi yetu njia yake ilifika baada ya yeye kufariki, na vipo vyuo vinavyowafundisha walimu wa watoto wadogo kwa njia hiyo, baadhi vikiongozwa na masista wa Kanisa Katoliki. Yeye mwenyewe alitaka kuja Afrika. Tarehe 6 Mei, 1952, katika kijiji cha pwani cha Noordwijk aan Zee huko Uholanzi, alikuwa akizungumza na Mario juu ya mwaliko wa kwenda kufundisha walimu Gold Coast, nchi ambayo mwaka 1957 ilipata uhuru kwa jina la Ghana. Mario aliona safari hiyo ni nzito kwa mtu wa miaka 81, akajaribu kumzuia. Mama alikuwa bado anabishana naye juu ya safari siku hiyo, na siku hiyo hiyo akafariki. Alizikwa palepale Noordwijk.